Baba Afisa Hana Mtoto

Benchi letu liko nyuma ya ofisi ya ustawi wa jamii, pale ukuta wao unapotupa kivuli asubuhi nzima. Ni ubao mrefu juu ya matofali, na upande mmoja umebonyea kwa sababu ya Hakimu, ambaye ana mwili mkubwa na haya hana. Mimi ndiye mwenye jiko la mkaa na birika, wananiita Mama Birika, na kama hunijui basi jua mapema kwamba subira sikupewa. Hakimu alikuwa tarishi mahakamani, kazi yake kubeba mafaili. Tangu astaafu anahukumu bure. Setilaiti anatengeneza redio na televisheni kwenye kibanda cha jirani, na anajua habari za dunia nzima isipokuwa za nyumbani kwake. Mama Uzi yuko kwenye cherehani yake mlangoni mwa duka lake. Hakai benchi, lakini masikio yake yanakaa. Wa mwisho ni Baba Afisa, mzee mwembamba, fundi rangi wa zamani, ambaye siku hizi mikono inamtetemeka hata kufunga kifungo cha shati ni vita. Jina hilo amelipata kwa binti yake wa pekee, aliyekuwa afisa ustawi kwenye ofisi hiyohiyo ya nyuma yetu, kabla hajapanda ndege kwenda kutunza wazee wa watu. Asubuhi ninayoisema tulikuwa na kazi moja tu: kumfundisha Baba Afisa kusema hana mtoto.

Msituone wazushi, sababu ilikuwepo. Zamani maofisa wa ustawi walikuwa watu wa kutembea. Binti yake huyu alizunguka mitaa hii yote, akiingia majumbani, akifunua sufuria aone kuna nini, akimgombeza mtu aliyelala na jiko la mkaa ndani. Alipoondoka akaja kijana tuliyemwita Bwana Baiskeli, naye akafanya vilevile. Kwa Baba Afisa alikuwa haruki wiki. Anamsaidia kuoga, anamtazama ule mguu wenye kidonda kisichopona, anampeleka kliniki, halafu wanakaa wanazungumza habari za binti mpaka chai inapoa mbele yao. Kisha ikaja sera mpya. Ikasema kutembelewa nyumbani ni kwa mzee asiye na mlezi, na mlezi ni mtoto yeyote mtu mzima aliye hai, awe chumba cha pili, awe mwisho wa dunia. Bwana Baiskeli akawekwa ghorofani mbele ya kompyuta, baadaye akahamishwa kabisa.

Baba Afisa akabaki na mlango wake. Juzijuzi aliteleza bafuni, akalala pale sakafuni tangu alfajiri, mpaka Mama Uzi alipouliza mbona leo mzee hajaja kahawani. Tulivunja komeo. Alikuwa amelowa, anatetemeka mwili mzima, na neno la kwanza alilotuambia ni kwamba tusimpigie simu binti yake. Tukapanda ngazi za ustawi, tukapiga kelele kweli. Wakasema basi, afisa mpya atashuka amsikilize mzee hapohapo benchini, maana ngazi zao mzee haziwezi. Akikubaliwa, atatembelewa tena. Asipokubaliwa, safari nyingine huenda tukavunja komeo tumechelewa.

Sasa sikilizeni mafunzo yalivyokuwa.

Hakimu: Haya mzee, tuanze. Jifanye mimi ndiye afisa. Shikamoo mzee.

Baba Afisa: Marahaba.

Hakimu: Una mtoto, mzee wangu?

Baba Afisa: Ninaye. Unamjua vizuri, si wewe uliyembeba kwenda hospitali siku ile ana surua?

Hakimu: Mzee! Mimi si Hakimu sasa hivi. Mimi ni afisa.

Baba Afisa: Afisa gani anavaa kandambili?

Setilaiti alicheka mpaka bisibisi ikamtoka mkononi. Mimi sikucheka. Nilikuwa natazama saa ya ukutani kwenye duka la Mama Uzi, maana afisa alisema atakuja kabla ya jua kufika kichwani.

Mimi: Baba, huyo mgeni hakujui. Atakuuliza mara moja. Ukisema unaye, anafunga mkoba wake, anaondoka, na sisi tunarudi kulekule. Neno dogo tu.

Baba Afisa: Si dogo, mwanangu.

Mimi: Haya, ni kubwa. Lakini si ulilala sakafuni?

Mama Uzi alisimamisha cherehani.

Mama Uzi: Mwacheni ameze kahawa kwanza, mnamrukia utafikiri kaiba kuku. Na mimi nilishamwambia, baba, niwe napita asubuhi nikusaidie maji. Unajua alinijibu nini? Eti bora anuke kuliko jirani amwogeshe.

Baba Afisa: Afisa ni afisa. Amesomea. Akitoka pale ameshasahau. Jirani nitakutana naye sokoni, ananisalimia, na mimi najua anajua.

Hakimu: Na mimi mwanamume mwenzako?

Baba Afisa: Wewe ukiinama nani atakuinua?

Hapo hata mimi nilicheka. Ni kweli, Hakimu akiangusha sarafu huiacha.

Setilaiti aliweka redio ya mtu pembeni, akavuta kigoda chake karibu. Nikajua tumekwisha, maana Setilaiti akivuta kigoda ana habari za nje.

Setilaiti: Tatizo lenu hamfuatilii mambo. Hii sera haikuandikwa hapo ghorofani. Wale wameletewa tu. Kulikuwa na mkutano mkubwa huko nje, wakubwa wa dunia wamezunguka meza, kila mmoja na chupa yake ya maji. Akasimama mmoja akasema, jamani, kule kwao watu ni wa familia sana, mzee hawezi kukosa wa kumtunza. Wenzake wakapiga makofi. Wakaandika: hao wana familia, maofisa wa kutembea wa nini?

Mimi: Uliwaona kwa macho yako?

Setilaiti: Picha ilikuwa na chenga, lakini niliwaona.

Mama Uzi: Mimi siamini mkutano wala nini. Mimi naona ni nguo iliyoshonwa bila kupima. Mtu kashona huko kwa mwili wa mtu wa huko, ikaletwa hapa, tunaambiwa vaeni. Mkono hauingii. Badala ya kufumua mshono, tunaambiwa kata mkono.

Hakimu: Shauri limesikilizwa. Uamuzi wangu ni huu: aliyeandika sera hana wazazi.

Mimi: Kila mtu ana wazazi, Hakimu.

Hakimu: Basi hajawahi kuwaogesha.

Baba Afisa alikuwa anasugua goti la mguu wake mbovu. Akasema taratibu, bila kumtazama mtu.

Baba Afisa: Huko kwake ni kinyume kabisa. Aliniambia Jumapili.

Simu ya Jumapili ni kitu cha heshima hapa kwetu. Mzee husimulia mara moja tu, na kwa kipande kipande, na ukimkatiza hamalizi.

Baba Afisa: Ana mzee mmoja anamhudumia, alikuwa dereva wa treni. Yule mzee ana mtoto, anakaa mtaa wa pili. Mtaa wa pili, si nchi ya pili. Lakini sera ya huko haimlazimishi mtoto. Serikali ndiyo inatuma mtu. Mtu mwenyewe ndiye binti yangu.

Mama Uzi: Loo!

Baba Afisa: Nao wana mambo yao. Wamemkatia dakika. Anaingia, anamwogesha, anamlisha, anamvisha, simu inalia mkononi, muda umekwisha, akimbilie nyumba nyingine. Yeye hapa alikuwa anakaa na mtu asubuhi nzima akitaka. Mnakumbuka alivyokaa na yule mama aliyefiwa na mapacha? Alikaa naye mpaka akalala. Huko hana ruhusa ya kukaa. Juzi yule dereva wa treni alimshika mkono, akamwita kwa jina la mwanawe, akamwambia usiondoke. Simu ikalia. Yuko amesimama na koti begani, mkono umeshikwa, simu inalia.

Mama Uzi: Akafanyaje?

Baba Afisa: Hakuniambia. Tulikuwa tunasikilizana tunavyopumua.

Kahawa ilianza kuchemka ikamwagikia mkaa, nikaiacha imwagike. Baba Afisa akapangusa mdomo kwa kiganja.

Baba Afisa: Niwaambie kweli? Namwonea wivu yule mzee. Mgonjwa wa watu, hajanikosea kitu, hata sura yake siijui. Namwonea wivu mpaka naona aibu mwenyewe. Anaguswa na mkono wa mwanangu kila siku, na mimi nasikia sauti Jumapili.

Hakimu ndiye aliyetuokoa, na kwa hilo nilimsamehe mengi ya wiki ile.

Hakimu: Subirini kidogo. Mahakama imeona jambo hapa. Kama binti mmoja anawatunza wazee wawili, huyu wa hapa na yule wa treni, basi kisheria hao wazee ni ndugu.

Setilaiti: Ndugu kivipi?

Hakimu: Wana mtoto mmoja! Watu wenye mtoto mmoja ni nini kama si ndugu?

Mama Uzi: Ni mume na mke, Hakimu.

Hakimu: Usiivuruge mahakama. Nimesema ni ndugu. Baba Afisa ana kaka yake, dereva wa treni.

Mama Uzi: Shusha sauti basi! Ustawi wakisikia ana kaka watasema huyo naye mlezi, wamkatie kabisa!

Baba Afisa alicheka. Alikuwa hajacheka tangu siku ya bafuni, na meno yake machache yalionekana yote. Setilaiti alipoona hivyo akaona zamu yake imefika.

Setilaiti: Hamjafika penyewe. Sikilizeni. Nchi zimebadilishana watoto. Ndiyo! Ni mkataba. Wa kwetu anakwenda kutunza mzee wa kwao, na wa kwao anakuja kutunza mzee wa kwetu. Haki bin haki. Wa kwetu alishafika. Wa kwao yuko uwanja wa ndege.

Mimi: Uwanja wa ndege anafanya nini miaka yote hii?

Setilaiti: Kibali. Na lugha anajifunza. Ni yule mtoto wa dereva wa treni, si hana kazi ya kumwogesha baba yake? Atashuka hapa na sanduku la magurudumu, atauliza, kwa Baba Afisa ni wapi?

Mama Uzi: Na mimi nimshonee suruali fupi.

Hakimu: Asipokuja nafungua kesi. Kosa: kuazima mtoto wa mtu bila kurudisha.

Mimi: Na mshtakiwa nani?

Hakimu: Wa kwanza, meza ya duara ya Setilaiti. Wa pili, ndege. Wa tatu...

Mimi: Wa tatu wewe, kwa kunimalizia kahawa. Afisa anakuja sasa hivi, mnacheza!

Nilifoka kweli. Wakanywea. Sipendi kufoka mbele ya Baba Afisa, ila mtu asipofoka hapa kijiweni jua linazama watu bado wako uwanja wa ndege.

Nilikaa karibu naye. Nilimwambia polepole, kama binti angemwambia, maana kwa umri naye ni baba yangu. Baba, nikamwambia, hakuna anayemfuta binti yako. Sisi tunamjua, mtaa unamjua, Mungu anamjua. Ni yule wa ofisini tu asiyetakiwa kumjua.

Baba Afisa: Alipokuwa mdogo nilikuwa nakwenda naye kazini. Mama yake alikuwa ameshatangulia, nimwache na nani? Nampa brashi ndogo. Yeye anapaka sehemu ya chini ya ukuta, mimi juu. Tunakutana hapa, usawa wa kiuno changu. Akaanza kurefuka, mstari ukawa unapanda. Mwishowe ukawa unafika kifuani. Siku moja nimegeuka nimwambie ongeza maji kwenye rangi, naona ananitazama jicho kwa jicho.

Mimi: Najua, baba.

Baba Afisa: Nilimwambia nenda kasome, rangi ina sumu. Akasoma. Akasomea kazi ya kutazama watu. Nikasema nimepona mimi, uzee wangu una mwenyewe. Kisha ofisi ikapunguza maofisa, wenzake wakaondoka mmoja mmoja, naye akaniuliza, baba, niende? Nikasema nenda. Nani alinituma niseme nenda?

Mama Uzi: Ungemzuia, angebaki afanye nini, baba? Si wangemkalisha kwenye kompyuta?

Baba Afisa: Angekuwa kwenye kompyuta hapo juu. Ningekuwa nakunywa kahawa, natazama dirisha.

Sote tuligeuka tukatazama lile dirisha la ghorofani, na pazia lake lililofifia. Hakukuwa na mtu.

Baba Afisa: Haya. Niulizeni tena.

Hakimu alikohoa. Alivua kofia, sijui kwa nini.

Hakimu: Shikamoo mzee.

Baba Afisa: Marahaba.

Hakimu: Una mtoto, mzee wangu?

Baba Afisa: Sina mtoto.

Alisema wazi, bila kukwama. Ndicho tulichokuwa tukimfundisha tangu mkaa haujashika, na ilibidi tushangilie. Hakuna aliyeshangilia. Hakimu aliangalia vidole vya miguu yake. Mama Uzi alirudi kwenye cherehani akashona mshono mzima bila uzi, nilimwona. Mimi nikashikwa na hasira, hata sijui namkasirikia nani, nikaanza kupuliza mkaa uliokuwa unawaka vizuri tu.

Ndipo tulipomwona yule afisa anakuja. Binti mdogo, mkoba begani, faili kwapani, anaruka dimbwi la maji ya kufulia. Nikamkanyaga Hakimu mguu akae sawa. Mama Uzi akajifunga khanga vizuri. Kila kitu kilikuwa tayari kabisa. Na Setilaiti, mwenye habari za dunia nzima, akaruka kutoka kigodani, akamwelekea mgeni kwa mikono miwili.

Setilaiti: Karibu, bibie, karibu sana! Baba Afisa! Baba Afisa, mgeni wako kafika!

Niliona bora ardhi ipasuke. Asubuhi nzima tunamfundisha mzee kumficha mtoto, na hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba mtoto mwenyewe yumo kwenye jina tunalomwita baba yake kutwa kucha.

Afisa: Shikamooni wazee. Baba Afisa ndiye yupi?

Hakimu: Ni jina tu, bibie! Jina la utani. Alikuwa afisa... afisa wa rangi.

Afisa: Afisa wa rangi?

Hakimu: Upakaji. Kitengo cha kuta.

Mimi: Hakimu, nyamaza.

Yule binti hakukasirika. Alitabasamu kidogo, akakaa kwenye ukingo wa benchi upande usiobonyea, akaweka mkoba miguuni. Viatu vyake vilikuwa na vumbi la mtu aliyetoka mbali kwa miguu.

Afisa: Mzee, shikamoo.

Baba Afisa: Marahaba, mwanangu. Usiwasikilize hawa. Wananipenda tu, wamevurugikiwa. Ninaye mtoto. Mmoja. Alikuwa anakaa hapo juu, ofisi ya mwisho kushoto.

Neno lilimtoka lenyewe, haraka, kama aliyekuwa amelishikilia mdomoni likamchoma. Nikaona amenyoosha mgongo. Mama Uzi akanong'ona, haya, tumekwisha.

Afisa: Najua, mzee. Sikuja kukuuliza kama unaye. Watu wa ofisini bado wanamtaja. Wazee wa mtaa wa chini nikibisha hodi wananiuliza, yule mwenzako hajambo?

Baba Afisa: Wanamwulizia?

Afisa: Wengine wananikatalia kufungua, wanasema wanamsubiri yeye.

Mzee aliinamisha kichwa. Nikampa yule binti kikombe, cha bure, na mimi kikombe cha bure sitoi ovyo. Akanywa, akakunja uso kwa uchungu wa kahawa, akanywa tena. Nikaanza kumpenda.

Afisa: Niwaambie ukweli, wazee wangu. Sera naikuta mezani kama ninyi mnavyoisikia. Nikitoka kumtembelea mtu asiyehesabika, naulizwa ulikwenda kufanya nini. Lakini nimeisoma yote. Ina kijidirisha kidogo mwishoni. Mlezi aliyehama moja kwa moja, asiyetarajiwa kurudi, hahesabiwi kuwa ni mlezi. Mzee wa namna hiyo naruhusiwa kumtembelea.

Setilaiti: Si niliwaambia!

Mimi: Hukutuambia chochote.

Hakimu: Tumeshinda! Kesi imeisha kwa ushindi! Andika, bibie, andika.

Mama Uzi: Kwa hiyo hahitaji kumkana mtoto?

Afisa: Hapana, mama. Amtaje kwa jina, amtaje anavyotaka. Nikipata kauli ya mzee mwenyewe, naanza kuja wiki hii hii. Mguu ule nimeambiwa habari zake, na bafu tutaliwekea kitu cha kushikilia.

Jamani, nilifurahi. Nilimshika Mama Uzi mkono, tukatikisana kama watoto. Hata mzee alikuwa amemgeukia yule binti, uso umefunguka, maana mtu anayezungumza habari za bafu lako na kitu cha kushikilia, huyo anakuja kweli. Afisa akafungua faili juu ya goti, akatoa kalamu.

Afisa: Nina swali moja tu basi, mzee. Binti atarudi lini?

Aliuliza kwa upole kabisa, kama mtu anavyouliza njia. Na ndipo nilipotambua kwamba katika miaka yote ya kahawa hapa, hakuna aliyewahi kumwuliza Baba Afisa hilo. Tulimwuliza baridi ya huko ikoje. Tulimwuliza wanakula nini, wanavaa nini, kama kuna jua. Simu zote za Jumapili tulizisikiliza, na kila mmoja wetu alikuwa analizunguka swali hilo kwa mbali, kama mtu anavyozunguka mbwa aliyelala.

Hakimu alimsogelea sikioni.

Hakimu: Sema harudi, mzee. Neno moja. Sema tu.

Mama Uzi: Mwache!

Afisa: Mzee, sikulazimishi. Ukisema atarudi mwezi fulani, mwaka fulani, nitaandika hivyo, ila nitakuwa siruhusiwi kuja. Ukisema harudi, nakuja.

Baba Afisa alitazama mikono yake. Ilikuwa inatetemeka juu ya mapaja, akajaribu kuikalia, ikawa inatetemeka humohumo.

Baba Afisa: Mwanangu, mimi kila asubuhi kabla ya kuja hapa natandika kitanda chake. Shuka nafua mwenyewe. Mikono hii inanisumbua, upande mmoja unazidi, basi nazunguka nauvuta, upande wa pili nao unapanda, narudi tena. Napigana nacho mpaka kinanyooka. Hajui. Sijamwambia. Sasa wewe unataka neno langu, na mimi nataka uje, sikufichi, nimechoka kuogopa bafu langu mwenyewe. Lakini nikishasema kwamba harudi, kesho asubuhi nikiamka, kile kitanda nikifanyeje?

Yule binti alimtazama, kisha akatutazama sisi, mmoja baada ya mwingine, akitafuta mwenye jibu. Setilaiti alikuwa amegeukia ukuta. Mimi nilikuwa nashikilia birika tupu na sikukumbuka kuliweka chini. Afisa akaondoa kalamu kwenye karatasi, akasogea kwenye benchi mpaka akawa bega kwa bega na mzee, na sote tukakaa tunatazama barabara.